Sinema bubu sita bega kwa bega: uanze na ipi?

Kuna mzee mmoja anaitwa Ned, mhubiri mweusi wa kusini mwa Marekani. Amekwenda kuwaona wazungu wakubwa wa mji wake, na anawaambia wanachotaka kusikia: hii ni nchi ya mzungu, mweusi ajue nafasi yake, siasa na mali wabaki nazo wao, yeye apewe Yesu tu. Wanafurahi. Wakati anaaga anapigwa teke la makalio, naye anacheka, anainama, anatoka. Mlango unafungwa. Hapo uso unabadilika. Kicheko kinadondoka kama nguo iliyokatikiwa na kamba, na maandishi kwenye skrini yanatuambia anachojisemea moyoni: ameuza tena haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa sahani ya dengu, na mwisho wake yeye ni motoni.

Ni dakika chache tu za filamu Within Our Gates ya mwaka 1920. Tangu nizione, nimeacha kuzihesabu sura nyeusi au za Kiasia katika sinema za kale kama mwalimu anayeita mahudhurio. Ninauliza jambo moja: mhusika akibaki peke yake, hakuna mzungu anayemtazama, anakuwa nani? Filamu nyingi za enzi ile hazina jibu kwa sababu hazimwachi peke yake hata mara moja. Yupo ili afungue mlango, atishe watu, au afe.

Katika kikundi chetu cha kutazama filamu swali hili halikauki: mtu akitaka kuonja sinema bubu, zile za mikasa na mapenzi, si za vichekesho, na hataki kukaa jioni nzima na nyuso za kizungu peke yake, aanze na ipi? Nimezichagua sita za Marekani za kati ya 1915 na mwisho wa miaka ya 1920, nikazipambanisha kwa kipimo hicho cha mzee Ned.

Kabla ya hizo sita, neno kuhusu ile utakayoambiwa na kila mtu uanze nayo: The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, 1915. Ina saa tatu hivi. Wahusika wake weusi wakuu ni wazungu waliojipaka masizi usoni, na mashujaa wake ni Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Rais Woodrow Wilson alionyeshwa filamu hii Ikulu. Chama cha NAACP, kinachotetea haki za Wamarekani Weusi, kiliipinga mji kwa mji, na mwaka huohuo Klan, iliyokuwa imeshazikwa, ikafufuliwa. Kuna siku utahitaji kuiona, ili ujue hizi nyingine zilikuwa zinamjibu nani. Lakini usiifanye mlango wa kuingilia. Nimeona watu wawili wakiishia hapo, na sikuwalaumu.

Mwalimu Sylvia na mpiga piano Alvin

Mtu aliyemjibu Griffith waziwazi ni Oscar Micheaux. Alizaliwa Illinois mwaka 1884, akafanya kazi ya kuhudumia abiria kwenye treni, akalima South Dakota, akaandika riwaya na kuziuza mwenyewe mlango kwa mlango. Kampuni ya filamu ya Wamarekani Weusi, Lincoln, ilipotaka kununua mojawapo ya riwaya zake, alisema sawa, ila aongoze yeye. Wakakataa. Akafungua kampuni yake. Filamu yake ya kwanza, ya 1919, imepotea. Ya pili ndiyo hii Within Our Gates, na ndiyo filamu ndefu ya zamani kuliko zote iliyobaki kati ya zilizoongozwa na Mmarekani Mweusi.

Sylvia Landry, anayeigizwa na Evelyn Preer, ni mwalimu. Shule ya watoto weusi anakofundisha huko kusini inakaribia kufungwa kwa kukosa dola 5,000, naye anapanda kwenda Boston kutafuta wafadhili. Hadi hapo ni hadithi ya mchango wa shule, jambo ambalo hakuna Mswahili atakayehitaji kuelezwa. Kisha, karibu na mwisho, tunarudishwa nyuma kuona familia iliyomlea ilivyokwisha. Baba yake mlezi anasingiziwa kumuua tajiri mwenye shamba. Kundi la watu linamkamata yeye na mkewe, linawanyonga na kuwachoma. Kwa wakati huohuo, chumbani, ndugu wa yule tajiri anamvamia Sylvia, na anagundua kwa kovu la kifuani kwamba huyu ni binti yake mwenyewe.

Matukio haya mawili yanapishanishwa, huku kamba, kule chumba, huku moto, kule chumba. Griffith ndiye aliyesifika kwa mtindo huo, na kwake maana yake ilikuwa moja: tulia, farasi wa ukombozi wako njiani. Kwa Micheaux hakuna anayekuja. Farasi pekee anayeonekana ni yule ambaye mtoto Emil anamrukia na kukimbia naye, akiwaacha wazazi wake nyuma.

Kuna mengine yasiyosahaulika. Efrem, mtumishi mweusi anayekwenda mbio kuwataja Landry kwa wazungu akidhani amejipatia marafiki, ananyongwa na walewale kwa kuwa waliyemtafuta amechelewa kupatikana. Kuna Alma, binamu mwenye wivu. Kuna Larry, mhalifu. Yaani weusi wa Micheaux si malaika, na hili ndilo ninaloliheshimu zaidi: hakuona kwamba jibu la picha chafu ni picha ya watakatifu watupu.

Kasoro zipo na sitazificha. Hadithi imejaa matawi hadi utajiuliza nani ni ndugu wa nani. Hotuba ya mwisho ya Daktari Vivian, anayemsihi Sylvia aipende nchi yake, imekaa kama kiraka cha rangi nyingine. Na tunachokiona leo ni kilichosalia. Chicago, ambako filamu ilionyeshwa Januari 1920, ilikuwa bado inanuka moshi wa ghasia za rangi za Julai 1919 zilizoua watu 38, na wakaguzi wa filamu walihofu kwamba kuonyesha watu wakinyongwa kungewasha moto upya. Ikakatwakatwa. Baadaye ikapotea kabisa, hadi nakala moja ikapatikana Hispania, ikiwa na jina la La Negra na maandishi ya Kihispania. Ikarudishwa Kiingereza na kutolewa upya na Maktaba ya Bunge ya Marekani mwaka 1993. Kwa hiyo ukiona sentensi inayochechemea, kumbuka imesafiri kwenda na kurudi.

Ukiiweka ubavuni mwa The Scar of Shame, ya mwishoni mwa miaka ya 1920, tofauti ya ufundi inaonekana papo hapo. Hii ya pili inatiririka. Taa zake ni nzuri, nyumba zake zina mapazia, na hadithi ni ya kamba moja: Alvin, kijana msomi mpiga piano, anamwokoa Louise, mfua nguo anayepigwa na mlevi Spike anayemlea, kisha anamwoa. Halafu anamficha. Mama yake Alvin ni mtu wa tabaka, na binti wa uwanjani hawezi kuvuka kizingiti chake. Kila mtu katika filamu ni mweusi, na ubaguzi unaouma ni wa weusi kwa weusi. Mtazamaji wetu hapo hataki mkalimani. Kwetu swali lile linavaa kanzu na kuuliza kwa upole, "Kwani huyo ni mtoto wa nani?"

Tatizo ni nani anayelipa. Kampuni ya Colored Players ya Philadelphia ilikuwa na waigizaji weusi, lakini mwenye kuisukuma na kuandika hadithi hii alikuwa mzungu, David Starkman, mwenye jumba la sinema. Tumia kipimo cha Ned: Louise, anayeigizwa na Lucia Lynn Moses, anabaki peke yake kwelikweli mara moja, mwishoni, na anachofanya ni kuandika barua na kunywa sumu. Alvin anasafishwa jina na kupata mke wa hadhi yake. Filamu inalaani tabaka kwa mdomo, kisha inalitii kwa mkono.

Kwa mtu ambaye hajawahi kutazama sinema bubu hata moja, bado ningempa The Scar of Shame kwanza. Hatapotea njiani. Within Our Gates ni ya mtu aliyeshazoea, au mwenye hasira ya kutosha kumvusha kwenye matawi yale. Mimi binafsi nimeirudia mara nne, na hiyo nyingine mara moja.

(Kama shida yako ni wachungaji wa mchongo, Micheaux ana ya kwako pia: Body and Soul ya 1925, ambamo Paul Robeson, kwa mara ya kwanza kwenye filamu, anaigiza mfungwa mtoro aliyejigeuza mhubiri. Robeson huyuhuyu alikuja kujifunza Kiswahili jijini London katika miaka ya 1930.)

Mwigizaji mmoja, nyuso mbili

Hapa ulinganisho ni rahisi kuliko wote, kwa sababu mtu ni yuleyule. Sessue Hayakawa, Mjapani, alipata umaarufu wa ghafla mwaka 1915 kwa The Cheat ya Cecil B. DeMille. Anaigiza Tori, mfanyabiashara tajiri wa pembe za ndovu. Mke wa mzungu mmoja amepoteza dola 10,000 za msaada wa Msalaba Mwekundu kwenye hisa, Tori anamkopesha kwa sharti la mwili wake, na mwanamke anaporudi na fedha badala ya ahadi, anamchoma begani kwa muhuri wa moto, uleule anaopigia mali zake.

Ni filamu ya kutisha na nzuri kwa macho. Kivuli kimepangwa kama rangi. Tori anapobaki peke yake, mwanzoni kabisa, yuko gizani akipiga muhuri kwenye kinyago, mwanga wa makaa usoni. Basi tumejibiwa: akiwa peke yake ni joka, na ule ustaarabu wote wa mchana ni koti. Wajapani waishio Marekani walilalamika. Filamu ilipotolewa tena mwaka 1918, Japani ikiwa upande mmoja na Marekani vitani, walimbadilisha kwa maandishi tu: Tori akawa Haka Arakau, mtu wa Burma. Sura ileile, kimono kilekile. Nadhani hakuna ushahidi mwepesi kuliko huo wa jinsi Mwasia alivyokuwa nafasi tupu ya kubandikwa jina. Toleo hilo la 1918 ndilo utakalokutana nalo.

Mwaka huohuo wa 1918 Hayakawa akafungua kampuni yake, Haworth, na 1919 akatoa The Dragon Painter. Tatsu ni mchoraji mwendawazimu wa milimani anayeamini kuwa binti mfalme wake amegeuzwa joka. Anachora mchana kutwa akimtafuta. Anapompata mpenzi wa kweli, Ume-ko, anayeigizwa na Tsuru Aoki, mkewe Hayakawa maishani pia, mkono unakufa. Mtu mwenye furaha hana cha kuchora. Ume-ko anaamua kutoweka ili mumewe arudishiwe kazi yake.

Tatsu anaachwa peke yake kwa muda mrefu, kwenye miamba, na hana wa kumtisha wala wa kumtumikia. Ana karatasi. Ila usidhani tumefika peponi: mandhari ya Japani ni bonde la Yosemite, California, riwaya iliyotumika iliandikwa na Mmarekani mzungu, na mchoraji mzee anayemfundisha Tatsu ni mzungu, Edward Peil, aliyevalishwa Ujapani. Peil huyo mwaka huohuo aliigiza Mchina mwovu katika Broken Blossoms ya Griffith, ambamo hata Mchina mwema ni Richard Barthelmess aliyelegeza kope.

Ukiwa na jioni moja, zitazame zote mbili kwa mfuatano, The Cheat kwanza. Hazizidi saa mbili kwa jumla. Ukiwa na nafasi ya moja tu na unataka kusisimka, hiyo ya kwanza. Ukitaka kupumua, ya pili. The Dragon Painter ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipopatikana Ufaransa, na ni ya kwanza ninayompa mtu mwenye watoto ndani ya nyumba.

Mwanamke anayengoja bahari

The Toll of the Sea ya 1922 inashinda zote kwa rangi, maana ina rangi: ilipigwa kwa mfumo wa mapema wa Technicolor, wa nyekundu na kijani. Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, alikuwa na miaka 17 na ndiye mhusika mkuu, Lotus Flower. Anamwokota Mmarekani ufukweni China, anampenda, anaachwa, anamzaa mtoto, anamkabidhi mtoto kwa mke mzungu, anaingia baharini. Hadithi ya kuchosha, imeshasimuliwa kama mkasa wa Japani kabla ya kuhamishiwa China.

Lakini mtazame Wong. Kwa kipimo cha Ned filamu inaanguka, kwa kuwa Lotus Flower akiwa peke yake anangoja tu, hana kazi nyingine. Mwigizaji ndiye anayekataa kuanguka. Machozi yake hayajapambwa, na katika kundi la wachongezi wanaomcheka, jinsi anavyoinua kidevu inakuambia anajua kila kitu wanachokijua wao. Kwa hiyo ni filamu mbovu kwa hadithi na ya lazima kwa sababu ya Wong. Sehemu ya mwisho ya mkanda ilikuwa imepotea, na warekebishaji mwaka 1985 walikwenda na kamera ya zamani ya mfumo uleule kupiga picha za bahari ili kuimalizia. Wong mwenyewe alichoka kufa kwenye filamu, akaenda Ulaya mwaka 1928.

Kuna mwenzake ambaye ningependa kumweka hapa kwa haki sawa: Marion Wong wa Oakland, California, aliyeandika na kuongoza The Curse of Quon Gwon mwaka 1916 akiwa na jamaa zake kama waigizaji. Hakupata msambazaji. Imebaki kama nusu saa hivi, bila maandishi, na huwezi kuifuata hadithi. Itafute baada ya hizi, uone arusi ya Kichina isiyomweleza mtu yeyote chochote.

Isiyo na mzungu hata mmoja

The Daughter of Dawn, 1920, ilipigwa kwenye milima ya Wichita, Oklahoma, na Wakiowa na Wakomanche zaidi ya 300. Walikuja na mahema yao, nguo zao, farasi wao. Watoto wawili wa kiongozi maarufu wa Wakomanche, Quanah Parker, wamo. Mwongozaji, Norbert Myles, alikuwa mzungu. Hadithi ni nyepesi kama ngano ya jioni: wanaume wawili, msichana mmoja, na mwamba wa kuruka ili kujua nani mwoga.

Kipimo changu hapa kinakosa kazi, maana hakuna wa kuwatazama. Wanawinda nyati, wanacheza ngoma, wanagombea mchumba. Wapo wanaoiona haina uzito. Kwangu, baada ya sinema ngapi za wachunga ng'ombe ambamo watu hawa huja kutoka nyuma ya kilima na kuanguka kutoka kwenye farasi, dakika themanini za wao kuhangaika na mapenzi tu ni mapumziko ya macho. Nakala yake ina muziki mpya wa David Yeagley, mtunzi Mkomanche.

Kabla hujabonyeza

Zote sita zimeshatoka kwenye hakimiliki Marekani, kwa hiyo mtandaoni zimejaa nakala za bure. Nakala hazilingani. Kasi ya kamera enzi ile haikuwa moja, na nakala iliyowekwa kwa kasi ya leo itakuonyesha watu wakitembea kama kuku waliofukuzwa. Ukiona hivyo, ifunge, tafuta nyingine. Within Our Gates ichukue kwa Maktaba ya Bunge ya Marekani. Kama muziki ni piano moja ya kurudiarudia isiyohusiana na kinachotokea, zima sauti kabisa, si dhambi.

Maandishi ni ya Kiingereza, na hapa sisi tuna bahati ambayo watu wengi hawana. Japani sinema bubu ilikuwa na benshi, msimulizi anayesimama kando ya skrini. Sisi tumelelewa na akina Lufufu kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam na DJ Afro kule Kenya. Basi weka mtu wa kusimulia. Nimeshaifanya kazi hiyo mara kadhaa kwa bibi zangu na wajukuu zao sebule moja. The Scar of Shame ndiyo tamu kuliko zote kusimulia, kwa sababu sebule yote ilimgeuka mama yake Alvin kabla sijafika nusu. The Daughter of Dawn karibu haihitaji maneno. The Cheat inataka msimulizi anayejua kunyamaza gizani.

Within Our Gates itakutoa jasho kwa majina. Yaandike kwenye karatasi mapema: nani binamu, nani mchumba, nani kaka wa kambo wa binamu. Ukifika kwa mzee Ned, mwigize kadiri unavyoweza akiwa mbele ya wale wazungu, na sauti ya kujipendekeza, na kicheko. Mlango ukishafungwa, soma maandishi yale mara moja, polepole, kisha usiongeze neno hadi picha ibadilike.